Nyimbo Walizokwenda Nazo Vitani



Askari anapoandikwa hupewa vitu na jeshi, na vitu hivyo hutiwa katika daftari: bunduki, blanketi, sahani ya bati, koti la mvua, viatu. Siku atakapoachishwa kazi atavirudisha, na karani atavihesabu kimoja kimoja. Lakini kiko kitu kimoja ambacho askari wetu walikwenda nacho ng'ambo pasipo kupewa na mtu, wala hapana karani aliyekiandika. Kitu hicho ni wimbo. Jioni hii napenda kuwaeleza habari za nyimbo na ngoma za askari waliotoka nchi yetu katika vita vya mwaka 1939 hata 1945, nami nitawatazama hasa vijana wa Usukuma, upande wa Bariadi. Kisha nitawaomba kazi moja, na kazi hiyo haiwezi kungoja.

Kwanza tuitambue nchi yenyewe. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, ukakatwa hasa katika Mkoa wa Shinyanga. Siku za vita vile jina la Simiyu lilikuwa jina la mto, ule unaopeleka maji yake katika Ziwa Viktoria. Bariadi ilihesabiwa katika wilaya ya Maswa, na watu walijitaja kwa nchi za watemi wao: Ntuzu, Itilima, Kanadi na nyinginezo. Kazi zao zilikuwa kulima na kuchunga ng'ombe. Vita vilipotokea, watu wa Tanganyika walioingia katika majeshi walizidi 80,000. Wengine walijiandikisha kwa hiari, wakitamani mshahara na kuiona dunia; wengine walitolewa kwa amri, wakaenda kwa sababu hawakuweza kukataa.

Tumchukue kijana mmoja wa Ntuzu awe mfano wetu. Jina lake tusiliulize, maana yeye ni mfano wa wengi. Ameagana na mama yake, amekwenda kwa miguu mpaka kituo cha Malampaka, na hapo amepanda gari la moshi la kwenda Tabora, katika njia ile ya reli iliyofika Mwanza mwaka 1928. Mkononi ana kifurushi kidogo. Je, kichwani ana nini?

Kichwani ana shamba. Kabla ya kuvaa kaptura ya jeshi alikuwa katika elika, yaani chama cha vijana wanaolimiana mashamba kwa zamu. Vijana hao husimama katika safu moja, majembe yakapanda pamoja na kushuka pamoja. Ngoma hupigwa karibu nao, na ningi, ndiye kiongozi wa nyimbo, hutunga maneno, na safu yote huitikia. Katika maneno hayo mwenye bidii husifiwa, mvivu huchekwa, na habari za nchi husimuliwa. Mavuno yakiisha, huja wakati wa mashindano. Hapo hutokea Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo asili yake husimuliwa kuwa ni waganga wawili walioshindana zamani, Ngika na Gumha. Vyama hivyo hucheza siku moja katika uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na watu huenda huku na huku. Upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Kwa hiyo ningi hujifunza mapema kwamba wimbo usio na neno jipya ni wimbo utakaokimbiwa.

Basi kijana huyo anafika jeshini, na sajini anamwambia asimame katika safu, ainue mguu pamoja na wenzake na kuushusha pamoja na wenzake. Sajini anadhani anamfundisha jambo geni. Lakini shamba lilikwisha kumfundisha zamani. Kabla yake babu zake, Wasukuma na Wanyamwezi, walichukua mizigo kutoka bara mpaka pwani, mwendo wa miezi, na wimbo ndio uliokuwa ukiinua miguu yao. Kwa hiyo tusiseme kwamba jeshi lilimpa Msukuma muziki wa safari. Yeye ndiye aliyekwenda nao.

Lakini jeshi lilikuwa na jambo moja lisilokuwako katika elika. Katika kikosi kimoja cha King's African Rifles, ambacho wengi walikiita Keya, Msukuma alilala karibu na Mhehe, na Mhehe karibu na Myao. Na vikosi vilipokutana, walikutana na Waganda, Wakamba na watu wa Nyasa. Lugha ya amri ilikuwa Kiswahili, nacho kikawa lugha ya nyimbo za mwendo pia. Wimbo wa Keya uitwao Funga Safari ulijulikana na watu wa makabila yote hayo, nao uliendelea kuimbwa katika majeshi ya Afrika Mashariki hata baada ya nchi zetu kujitawala. Kijana aliyetoka Ntuzu akijua Kisukuma peke yake alirudi akijua Kiswahili, na sehemu ya Kiswahili hicho aliipata kwa kuimba.

Hapa yafaa kukumbuka kwamba haikuwa mara ya kwanza muziki kusafiri na askari. Katika miaka ya 1890 watu wa pwani ya Kenya walianza ngoma iitwayo beni, kwa kuiga bendi za tarumbeta walizozisikia. Wachezaji walivaa nguo za kijeshi, wakapeana vyeo, wakagawanyika katika vyama vilivyoshindana, na vyama vilivyojulikana sana Tanganyika vilikuwa Marini na Arinoti. Vita vya mwaka 1914 hata 1918 viliwatawanya askari na wapagazi katika nchi nzima, nao wakaichukua beni mpaka miji ya bara na nchi za jirani. Mwanachuoni Mwingereza, Terence Ranger, aliandika kitabu kizima juu ya ngoma hiyo, kikachapwa mwaka 1975. Wengine walidhani beni ni kuwaiga Wazungu tu. Lakini mtu anayeweza kuuigiza mwendo wa bwana wake, akaongeza tarumbeta na mzaha, amekwisha kumtazama sana bwana huyo, naye hamwogopi tena kama zamani.

Sasa tumfuate kijana wetu ng'ambo. Askari wa Afrika Mashariki walipigana Uhabeshi mwaka 1941, mpaka ngome ya Gondar ilipoanguka mwezi wa Novemba. Mwaka 1942 walipelekwa Bukini, ndiyo Madagaska. Mwaka 1943 wengi wakavushwa bahari mpaka kisiwa cha Ceylon, kiitwacho leo Sri Lanka, wakafundishwa vita vya msituni. Na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kichwa cha kifaru, ikaingia Burma, nchi iitwayo leo Myanmar, kupigana na Wajapani. Ndani ya divisheni hiyo vilikuwamo vikosi vya Tanganyika, kikosi cha 26 na kikosi cha 36 cha Keya.

Bahari yenyewe ilikuwa jaribu kubwa kwa mtu aliyezoea kuona nchi kavu pande zote. Tarehe 12 Februari 1944 merikebu iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilikuwa saa za mchana, na abiria wengi walikuwa wamekusanyika ukumbini kusikiliza muziki. Merikebu ilizama kabla ya dakika tatu kupita. Watu waliokufa walikuwa 1,297, na wengi wao walikuwa askari wa kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki. Mimi nikifikiri habari hiyo, huona kwamba muziki wa askari haukuwa mchezo wa watu wasio na taabu. Watu wale walikuwa wakiusikiliza juu ya maji yenye adui chini yake.

Burma jaribu lilikuwa jingine. Tangu Agosti mpaka Novemba 1944 divisheni ile ilishuka katika Bonde la Kabaw, na bonde hilo liliitwa Bonde la Mauti. Mvua ilinyesha bila kiasi, magari yakazama katika tope, chakula kikaletwa kwa ndege na kuangushwa kutoka juu. Malaria na homa ya utitiri wa msituni viliwaangusha watu pamoja na risasi. Mapema mwezi wa Desemba wakafika Kalewa, katika mto Chindwin, na hapo mafundi wa jeshi wakatengeneza daraja la chuma lenye kuelea, urefu wake futi 1,154.

Katika msitu huo askari wa doria haimbi. Kikohozi kimoja chaweza kuwaua watu kumi. Basi watu waliozoea kulima kwa wimbo, kuchukua mizigo kwa wimbo na kutembea kwa wimbo, walikaa siku nyingi kimya, kila mmoja na moyo wake. Naamini kimya hicho kiliwafundisha thamani ya wimbo kuliko mashindano yote ya nyumbani.

Lakini kikosi hakikai mbele siku zote. Kikirudishwa nyuma kupumzika, watu hunyoa ndevu, hufua nguo, huandikiwa barua za nyumbani na wale wajuao kuandika; na jioni ngoma huanza. Ngoma ya ngozi haipatikani upesi ugenini, lakini debe tupu, sanduku la risasi na vijiko viwili vyatosha kuanzia. Kila kabila hucheza yake. Wakamba huruka, watu wa Nyasa huenda kwa mkupuo wao, na Wasukuma hujipanga safu kama walioshika majembe, ingawa mikono ni mitupu. Usiku huo mtu wa Ntuzu humjua Myao kwa namna ambayo hangeweza kumjua katika gwaride, maana katika gwaride wote hufanana.

Wakubwa wa jeshi walitambua kwamba moyo wa askari nao wahitaji posho. Wakaunda kundi la burudani la jeshi la Afrika Mashariki, wakachaguliwa waimbaji, wachekeshaji na wapigaji wa vinanda, wakapelekwa kuwatumbuiza wenzao katika makambi ya mbali. Mmoja wao alikuwa Fundi Konde, aliyezaliwa pwani ya Kenya mwaka 1924. Yeye na wenzake, walioitwa Rhino Boys, walifika mpaka Bara Hindi na Burma wakiwa na magita. Baada ya vita, Nairobi ilipoanza kutengeneza santuri za nyimbo za Kiswahili, Fundi Konde alikuwa miongoni mwa waliosikika sana, na nyimbo zake zilipendwa mpaka Tanganyika. Alifariki mwaka 2000. Kwa hiyo gita lile ambalo vijana wa leo hulidhani ni jambo la mjini lilipata baadhi ya wapigaji wake wa mwanzo wenye sifa katika nguo za jeshi.

Tena wimbo ulikuwa na kazi nyingine, nayo ni kazi ya ulimi. Maofisa wa Keya walikuwa Wazungu. Askari Mwafrika alilipwa mshahara mdogo kuliko Mzungu wa cheo kile kile, na hakuwa na baraza la kupeleka mashtaka yake kama mtu huru. Akisema neno kali mbele ya ofisa, ataadhibiwa. Lakini neno hilo likitiwa katika wimbo wa mwendo, na watu mia wakaitikia, ni nani atakayeadhibiwa? Ningi wa shambani alikwisha kuijua hila hiyo. Nyumbani aliweza kumwimba tajiri mchoyo, hata mtemi, pasipo kumtaja jina, na watu wote wakajua. Jeshini aliweza kuimba juu ya chakula kibaya, juu ya barua zisizofika, juu ya mke aliyeachwa na ng'ombe walioliwa na shemeji. Ofisa aliyejua Kiswahili vizuri aliweza kuzijua shida za watu wake kwa kuwasikiliza njiani. Asiyejua alifurahi tu kwamba wanatembea vizuri.

Vita vikaisha mwezi wa Agosti 1945, nao wakarudishwa makwao kidogo kidogo katika mwaka huo na mwaka uliofuata. Kijana wetu akashuka Malampaka na sanduku la bati, labda na zumari la mdomo mfukoni, akashika njia ya miguu kwenda Ntuzu. Nyumbani wengine walimtazama kama mgeni. Alikuwa ameona meli, ndege na miji, na Mzungu akilia kwa hofu kama mtu yeyote. Alitaka kusimulia, lakini maneno ya mambo hayo hayakuwamo katika mazungumzo ya kila siku. Yalikuwamo katika nyimbo. Na msimu wa kulima ulipofika, alisimama tena katika safu.

Leo ukienda kutazama bugobogobo, ngoma ya majembe ambayo Wasukuma wamejulikana kwayo mpaka ng'ambo, utaona wachezaji wamenyooka katika mstari, filimbi ya kiongozi inalia, na majembe yanazungushwa hewani kwa pamoja kama bunduki za gwaride. Mtu atauliza, je, jembe limejifunza kwa bunduki, au bunduki imejifunza kwa jembe? Mimi nasema safu ya jembe ni ya kale kuliko Keya. Lakini waliorudi kutoka vitani nao walikuwa watu wa safu hiyo, na mtu harudi safari ndefu akiwa vile vile alivyokwenda.

Sasa nafika katika kazi niliyosema nitawaomba. Katika mji wa Yangon, ulioitwa zamani Rangoon, yako maziara ya Taukkyan, na ndani yake yako mawe yaliyochongwa majina ya watu karibu 27,000 waliokufa Burma na makaburi yao hayajulikani. Askari wa Afrika Mashariki wamo humo. Jiwe ni jambo jema. Lakini jiwe halisemi mtu huyo alichekesha vipi, aliogopa nini, wala alimkumbuka nani jua lilipotua. Mambo hayo aliyasema katika wimbo, na wimbo umehifadhiwa katika vichwa vya watu. Askari wenyewe wa vita vile sasa karibu wote wamekufa. Waliobaki ni watoto wao na wajukuu wao, ambao walizisikia nyimbo hizo shambani, kisimani au pombeni, wakadhani ni nyimbo za wazee tu.

Inawezekana kuzihifadhi. Mtaalamu wa muziki kutoka Marekani, Frank Gunderson, alikaa Usukuma katika miaka ya 1990, akakusanya nyimbo za kazi zaidi ya 300, za wawindaji, wapagazi na wakulima, pamoja na maelezo ya wenyeji, akazichapa katika kitabu mwaka 2010. Tumshukuru. Lakini mgeni mmoja hawezi kufika kila kaya ya Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Mwanafunzi wa darasa la sita aweza kufika, kwa kuwa anakaa humo.

Basi, mwanafunzi, chukua daftari na kalamu, nenda kwa bibi yako au kwa mzee wa jirani. Msalimu kwa heshima, usianze kwa maswali. Mwulize kama katika jamaa alikuwako mtu aliyekwenda vitani, na kama kuna wimbo anaoukumbuka kwa ajili yake. Akiimba, andika maneno kama yalivyo, kwa lugha ile ile, iwe Kisukuma au Kiswahili cha jeshi. Usiyasahihishe hata kama mwalimu wako angeyatia kalamu nyekundu, maana makosa ya askari ni sehemu ya habari zake. Andika nani aliuimba, mahali gani, katika kazi gani, na kama ulikuwa na ngoma au makofi. Yakiwapo maneno asiyoyafahamu hata yeye, yaandike pia. Huenda ni jina la mto au la kijiji cha Burma, na siku moja mtu atalitambua. Mwenye simu ya kunasa sauti na ainase, lakini daftari lisiachwe, maana simu hupotea na kuharibika.

Wazazi nanyi msiwacheke watoto watakapowauliza. Pengine mzee alinyamaza miaka mingi kwa sababu hapana aliyemwuliza.

Nilisema mwanzo kwamba askari alirudisha bunduki na blanketi, na karani akavihesabu. Wimbo hakuurudisha. Aliuacha kwenu, katika shamba na katika kaya. Kabla ya mvua za kulima kuja, mwulizeni mtu mmoja, mkaandike wimbo mmoja.